Alfajiri ya Uongo: Historia ya Istilahi Moja ya Anga

Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutokana na elimu ya Kiislamu, yapo yaliyozoeleka mno katika maisha ya kila siku hata asili yake haiulizwi tena, na yapo yaliyobaki ndani ya darasa za misikitini bila ya kutoka nje. Neno alfajiri ni la kundi la kwanza. Hutumiwa na Mwislamu na asiye Mwislamu, na msafiri anayewahi basi na mkulima anayewahi shamba. Istilahi alfajiri ya uongo ni ya kundi la pili. Huifahamu mwanafunzi wa fikihi aliyesoma mlango wa sala na mlango wa saumu. Mwanafunzi wa sayansi hukutana na jambo lile lile kwa jina la kigeni, asijue kwamba katika lugha yake jina lipo.

Makala haya yanachunguza historia ya istilahi hiyo. Hoja yake ni kwamba jina la jambo la asili halizaliwi kwa kuonekana kwa jambo lenyewe tu, bali kwa haja ya watu kulipambanua na jingine. Mwanga unaozungumziwa hapa umekuwako juu ya vichwa vya wanadamu tangu kale, nao hauchagui taifa. Hata hivyo, baadhi ya watu waliupa jina mapema, wengine kwa kuchelewa, na wengine hawakuupa jina kabisa. Sababu za tofauti hiyo zinamhusu mwanaisimu kama zinavyomhusu mwanafalaki.

Mwanga wenyewe

Kabla ya kuingia katika historia ya jina, inafaa kueleza kitu kinachoitwa. Katika usiku usio na mwezi, mahali pasipo na taa, mtu anayeelekea mashariki muda mfupi kabla ya kuanza kupambazuka huweza kuona weupe hafifu uliosimama kutoka upeo wa macho kwenda juu. Chini ni mpana na juu umechongoka, mfano wa pembe au mkuki mpana. Weupe huo hauna wekundu wala umanjano, na ukali wake unakaribia ule wa Njia Nyeupe, yaani ukanda wa nyota unaovuka anga. Weupe kama huo huonekana pia upande wa magharibi baada ya giza la usiku kutimia. Asiyeuzoea huudhani kuwa ni mwanzo wa mchana, au ni wingu jembamba lililoangazwa na mji wa mbali.

Si wingu, wala si hewa ya dunia. Ni nuru ya jua iliyoangukia vumbi. Katika nafasi iliyo baina ya jua na sayari limetanda vumbi jembamba sana, ambalo sehemu yake kubwa ni ya chembe ndogo kuliko punje ya mchanga. Vumbi hilo limekusanyika zaidi karibu na bapa ambalo dunia na sayari nyingine hulizungukia jua. Kila chembe hutawanya sehemu ndogo ya nuru ya jua, na kwa kuwa chembe ni nyingi mno, jumla ya nuru hiyo hutosha kuonekana kwa jicho. Wataalamu wengi hulinasibisha vumbi hilo na nyota zenye mkia, hasa zile ambazo mizunguko yake inatawaliwa na Mshtarii, na pia na migongano ya mawe madogo yanayozunguka baina ya Mirihi na Mshtarii. Mwaka 2021 watafiti waliotumia vipimo vya chombo Juno, kilichotumwa Mshtarii, walitoa rai kwamba sehemu ya vumbi hilo huenda imetoka Mirihi. Rai hiyo ingali inajadiliwa.

Kwa kuwa vumbi limelala katika bapa hilo, mwanga hufuata njia ambayo jua huonekana kuipita kati ya nyota katika mwaka, yaani njia ya buruji kumi na mbili. Namna unavyosimama hutegemea mahali alipo mtazamaji. Katika latitudo ya London, njia hiyo huukata upeo wa macho kwa pembe inayobadilika katika mwaka, kutoka nyuzi 15 hivi hadi nyuzi 62 hivi. Kwa miezi mingi mwanga hulala na kufunikwa na ukungu wa upeo. Mombasa na Lamu, zilizo karibu na Ikweta, pembe hiyo haipungui nyuzi 60 wakati wowote wa mwaka. Pwani ya Afrika ya Mashariki, kwa hiyo, ni mahali ambapo mwanga huu husimama wima karibu mwaka mzima. Tena machweo na mapambazuko ya hapa ni mafupi, maana jua huzama na kuchomoza karibu wima, na giza kamili hupatikana upesi.

Alfajiri mbili katika sheria

Katika Uislamu kuingia kwa alfajiri si habari ya wakati tu. Ni mpaka wa hukumu mbili. Kwa alfajiri sala ya asubuhi huwa wajibu, na kwa alfajiri mwenye kufunga huacha kula na kunywa. Aya ya 187 ya Sura ya Al-Baqara inaweka mpaka wa kula katika usiku wa Ramadhani kwa mfano wa uzi mweupe unaopambanuka na uzi mweusi. Hadithi mashuhuri inasimulia kwamba sahaba Adi bin Hatim aliuchukua mfano huo kwa dhahiri yake, akaweka nyuzi mbili chini ya mto wake na kuzitazama usiku, hata akaelezwa na Mtume kwamba makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Kisa hicho kinaonyesha kwamba tangu mwanzo suala la alfajiri lilikuwa pia suala la lugha: tamko lenye sitiari lilihitaji kufasiriwa kabla ya kutendeka.

Tatizo la pili lilihusu macho. Katika mazingira ya Bara Arabu, yenye mbingu safi na hewa kavu, weupe wa kwanza wa mashariki haukuwa mchana. Hadithi nyingine zinaeleza kwamba Bilali aliadhini usiku ungali usiku, na kwamba adhana yake haikumkataza mtu kula. Mpaka ulikuwa ni adhana ya Ibn Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu, naye hakuadhini mpaka aambiwe kwamba kumekucha. Zipo pia hadithi zinazowatahadharisha watu wasidanganyike na weupe unaosimama wima, bali wangoje weupe unaotanda kwa upana.

Kutokana na mafunzo hayo wanavyuoni walijenga istilahi mbili. Al-fajr al-kadhib, alfajiri ya uongo, ni weupe unaopanda juu kwa urefu, kisha ukafuatwa na giza. Al-fajr al-sadiq, alfajiri ya kweli, ni weupe unaoenea kwa upana katika upeo wa mashariki na kuzidi mpaka jua lichomoze. Ya kwanza haiharamishi chakula wala haihalalishi sala. Ya pili hufanya yote mawili. Weupe wa kwanza ulipewa pia jina la dhanab al-sirhan, mkia wa mbwamwitu, kwa vile unavyosimama na kuchongoka. Ikumbukwe kwamba sifa zilizotajwa na mafakihi, yaani usimamaji, uchongokaji na kutokuwa na wekundu, ndizo sifa zile zile zinazotajwa katika elimu ya falaki ya leo.

Lipo jambo moja ambalo mafakihi hawakulihitaji, nalo linathibitisha hoja ya makala haya. Mwanga huu, kama ilivyotajwa, huonekana jioni pia. Je, kwa nini hakukuwa na istilahi mashuhuri ya “machweo ya uongo”? Jibu limo katika sheria yenyewe. Wakati wa isha huingia kwa kutoweka shafaki, na wanavyuoni walihitilafiana juu ya maana ya neno hilo. Imamu Shafi na wengi wengine walisema ni wekundu. Abu Hanifa alisema ni weupe unaobaki baada ya wekundu. Kwa wanaofuata rai ya wekundu, weupe wa baadaye hauna hukumu, na kisicho na hukumu hakikuhitaji jina. Kwa rai ya weupe, tatizo lilijitokeza. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, anataja katika Bidayat al-Mujtahid habari ya Al-Khalil kwamba aliuchungulia weupe wa shafaki akauona unabaki mpaka theluthi ya usiku. Muda huo ni mrefu kupita weupe wa kawaida wa machweo katika nchi zile, nao unaafikiana vyema na mwanga unaozungumziwa hapa. Al-Khalil bin Ahmad ndiye yule yule mwasisi wa elimu ya arudhi na mtungaji wa kamusi Kitab al-Ayn katika karne ya 8. Aliyetaka kujua maana ya neno alilazimika kukesha akitazama anga.

Wanafalaki wa Kiislamu

Waliofuata walilichukua suala hilo kutoka kwa mafakihi na kulitia katika hesabu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu chake kikubwa cha falaki, Al-Qanun al-Mas‘udi, kwa ajili ya Sultani Mas‘ud wa Ghazna katika nusu ya kwanza ya karne ya 11. Humo alizipambanua hatua za mapambazuko: kwanza weupe mwembamba uliosimama, uitwao wa uongo na kufananishwa na mkia wa mbwamwitu, pili weupe unaotanda katika upeo kwa umbo la duara pana, ambao ndio unaofungamana na ibada, tatu wekundu unaotangulia jua. Alieleza pia kwamba alfajiri huanza jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo. Katika karne hiyo hiyo, huko Andalus, Ibn Mu‘adh wa Jaén aliandika risala juu ya mapambazuko na machweo, akakadiria nyuzi 19 na kutumia kiasi hicho kupima kimo cha hewa inayoizunguka dunia. Risala yake ilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mapambazuko ya kweli ni nuru ya jua iliyotawanywa na hewa ya dunia, na kwa hiyo hufungamana na kiasi cha kuzama kwa jua chini ya upeo. Yanapimika kwa nyuzi. Alfajiri ya uongo ni nuru ya jua iliyotawanywa na vumbi lililo mbali nje ya hewa. Haina mwanzo wa ghafla wala kiwango kimoja cha nyuzi. Wanavyuoni wa kale hawakujua habari ya vumbi. Lakini walizitenga nuru mbili ambazo kwa hakika ni mbili, na kila moja wakaipa jina lake.

Ulaya na jina jipya

Katika Ulaya ya Magharibi mwanga huu uliingia katika maandishi ya sayansi katika karne ya 17. Mwanzoni mwa miaka ya 1660 Joshua Childrey, kasisi wa Kiingereza, alieleza katika kitabu chake juu ya maajabu ya asili ya Uingereza kwamba katika mwezi wa Februari, na siku za karibu yake, baada ya machweo kukoma huonekana njia ya mwanga inayoelekea kwenye Kilimia. Mwaka 1683, mwezi wa Machi, Giovanni Domenico Cassini aliuchunguza mwanga huo huko Paris na kuueleza kwa urefu. Mwanafunzi na mwenziwe, Nicolas Fatio de Duillier, aliuchunguza pia katika miaka iliyofuata, akashikilia kwamba sababu yake ni chembe ndogo zinazolizunguka jua na kurudisha nuru yake. Karne mbili zilipita kabla rai hiyo haijapata ushahidi wa vipimo. Mwaka 1874 Arthur Wright wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mwanga huo una tabia ya nuru ya jua iliyorudishwa, na mwaka 1909 Edward Fath alipiga picha za mtawanyo wa rangi zake zilizolingana na zile za jua.

Inafaa kuangalia kwamba Childrey na Cassini waliuona jioni. Katika latitudo zao, mwisho wa majira ya baridi ndio wakati ambapo njia ya buruji husimama zaidi katika anga la jioni. Nao hawakuwa na haja ya kuamka usiku kupambanua alfajiri mbili. Jina walilolitumia lilitokana na mahali pa mwanga katika anga, yaani ukanda wa buruji; halikutokana na wakati wake wala na kazi yake katika maisha ya watu. Hivyo kitu kimoja kilipata majina mawili kwa sababu kilitazamwa kutoka ncha mbili za usiku kwa makusudio mawili.

Kutofahamiana huku kulidumu. George Jones, kasisi wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliuchora mwanga huu mara nyingi kutoka mwaka 1853 hadi 1855 akiwa ndani ya meli ya Mississippi iliyoshiriki safari ya kwenda Japani, na baadaye akauchungulia kutoka Quito, karibu na Ikweta, ambako husimama vizuri. Alihitimisha kwamba ni pete inayoizunguka dunia, jambo ambalo halikuthibiti. Mwanga mwingine wa jamii hii, doa hafifu linaloonekana usiku wa manane upande ulio kinyume kabisa na jua, ulitajwa na Esprit Pezenas mwaka 1730 na kuchunguzwa na Theodor Brorsen katika miaka ya 1850. Doa hilo husababishwa na vumbi lile lile. Halipambanui sala na sala wala kula na kufunga, nalo halikupata jina katika fikihi.

Mwanalugha anayepatanisha majina mawili

Aliyeyakutanisha majina haya mawili mbele ya wasomi wa Uingereza hakuwa mwanafalaki. Alikuwa mwanakamusi. James Redhouse, aliyezaliwa mwaka 1811 na kuishi miaka mingi Istanbul, ndiye mtungaji wa kamusi kubwa ya Kituruki na Kiingereza iliyotoka mwaka 1890. Mwaka 1878 alichapisha katika jarida la Royal Asiatic Society makala juu ya jambo lijulikanalo Mashariki kwa jina la subh-i kazib, ambalo ni sura ya Kiajemi na Kituruki ya jina lile lile la asubuhi ya uongo. Mwaka 1880 aliandika tena kuthibitisha kwamba alfajiri ya uongo ya Waislamu ndiyo mwanga wa zodiaki wa Wazungu. Mtunzi wa kamusi hawezi kuridhika na kufasiri neno kwa neno. Hulazimika kuuliza ni kitu gani kinachoitwa. Swali hilo ndilo lililomfikisha Redhouse katika falaki.

Zamani hizo wasomaji wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kukutana na istilahi hiyo katika ushairi. Edward FitzGerald, alipochapisha mwaka 1859 tafsiri yake ya rubai za Omar Khayyam, aliweka maelezo mafupi juu ya alfajiri ya uongo na ya kweli. Kwa Wazungu wengi hilo lilibaki kuwa pambo la ushairi wa Mashariki. Wasomaji wa Kiswahili nao wanazijua rubai hizo kwa tafsiri ya Shaaban Robert, iliyotokana na Kiingereza cha FitzGerald. Njia hiyo ni ndefu: fikra iliyokuwamo katika Kiarabu na Kiajemi ilipita London ndipo ikafika pwani ya Afrika kwa vitabu, hali pwani yenyewe ilikuwa nayo kwa njia ya msikiti.

Istilahi katika Kiswahili

Ibada ya Kiislamu katika pwani hii ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika visiwa vya Lamu, katika miaka ya 1980 ulifichua mabaki ya misikiti ya mwanzo, ya tangu karne ya 8. Na msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Palipo na msikiti pana mwadhini, na mwadhini lazima aijue alfajiri. Katika karne zote zilizotangulia saa na kalenda zilizochapishwa, aliijua kwa macho.

Msamiati wa Kiswahili wa wakati huo wa usiku una tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya Kibantu: kucha, kupambazuka, macheo. Haya yametokana na vitenzi, na huonyesha mwendo: usiku unakucha, mbingu zinapambazuka. Kitenzi pambazuka kina mwisho unaofanana na ule wa fumbuka na funguka, maneno ya jambo linaloachana na kufunuka. Kwayo hakuna nukta moja ya kusema kwamba sasa ni mchana. Upo mwendo wa kuelekea mchana. Tabaka ya pili ni ya Kiarabu: alfajiri, shafaki, na maneno ya Ramadhani kama imsaki. Haya ni majina, na kazi yake kubwa ni kuweka mpaka. Lugha haikuacha tabaka moja kwa ajili ya nyingine. Mswahili husema kumepambazuka anapoeleza hali, na husema alfajiri imeingia anapoeleza hukumu. Hata usemi alfajiri mbichi, unaotumiwa kwa mapema mno, ni kazi ya wenyeji: neno la Kiarabu limepewa kivumishi cha Kibantu kinachotokana na tunda lisiloiva.

Katika kuipokea istilahi ya al-fajr al-kadhib, Kiswahili hakikuchukua sifa zake kwa Kiarabu. Mzizi wa kadhib umo katika Kiswahili, katika maneno kidhabu na kadhibisha. Na mzizi wa sadiq umo katika sadiki na sadaka. Lakini sadiki ya Kiswahili ni kitenzi cha kuamini, si sifa ya mwenye kusema kweli. “Alfajiri sadiki” ingemtatiza msikilizaji. Kwa hiyo waalimu wa fikihi husema alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli, na wanaotaja Kiarabu hukitaja kama Kiarabu, kisha wakakifasiri. Ni tafsiri ya maana, nayo ni nyepesi kueleweka. Sitiari ya mkia wa mbwamwitu haikuenea katika usemi wa kawaida; mnyama huyo hayumo katika maisha ya pwani. Aidha, wengi wa Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo shafaki kwayo ni wekundu. Hivyo weupe wa jioni haukuhitaji jina hapa pia, ijapokuwa katika anga la Lamu au Pemba husimama wazi kama ule wa kabla ya alfajiri.

Suala la istilahi za kisasa

Jambo hili lina uzito kwa wanaounda istilahi. Kanuni iliyofuatwa na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania tangu miaka ya kwanza baada ya kuundwa kwake mwaka 1967 ni kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kanuni hiyo ni njema, lakini hutekelezwa vibaya pale ambapo “Kiswahili chenyewe” hueleweka kuwa ni maneno ya mazungumzo na ya vitabu vya shule tu. Istilahi za fikihi, za ubaharia na za uganga ni Kiswahili chenyewe. Anayeanza na “mwanga wa zodiaki” kabla ya kuuliza waadhini wameuitaje mwanga huo ameanza mwisho wa kanuni.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba jina la kale linatosha kila mahali. Upungufu wake ni miwili. Kwanza, linataja ncha moja tu ya usiku. Mtu hawezi kuita alfajiri mwanga unaoonekana magharibi saa mbili za usiku. Pili, linauhukumu mwanga kwa ahadi ambayo wenyewe haukuitoa. Katika fikihi neno uongo lina maana sahihi: weupe huu hauleti mchana. Katika fizikia mwanga huo si wa uongo. Ni nuru ya jua kama ilivyo nuru ya mchana, tofauti ni kwamba umetawanywa na vumbi badala ya hewa. Kwa sababu hizo inaonekana ni vyema majina mawili yakae pamoja kwa kazi mbili. Alfajiri ya uongo libaki kuwa jina la weupe wa mashariki kabla ya mapambazuko. Kwa jambo zima, la jioni na la usiku wa kuamkia, lipo neno buruji, lililokwishakaa katika Kiswahili cha falaki. Mwanga wa buruji utaeleweka na msomaji wa Kiswahili pasipo kupita katika Kiingereza, na unalingana na jina linalotumiwa katika Kiarabu cha sayansi leo.

Maingizo ya kamusi nayo yaeleze kitu, yasieleze hukumu tu. Anayesoma kwamba alfajiri ya uongo ni “weupe unaotangulia alfajiri ya kweli” hapati cha kumwongoza akitazama juu. Anayesoma kwamba ni weupe hafifu usio na rangi, uliosimama kwa umbo la pembe upande wa mashariki kabla ya kupambazuka, uletwao na nuru ya jua iangukiayo vumbi la baina ya sayari, anaweza kutoka nje na kuutafuta.

Haja ya kueleza hivyo inazidi kwa sababu kuona kwenyewe kunapungua. Atlasi ya dunia ya mwangaza wa anga iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanadamu huishi chini ya anga lililoathiriwa na taa za umeme, na kwamba thuluthi moja hawawezi kuiona Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Asiyeiona Njia Nyeupe hawezi kuuona mwanga wa buruji. Wakati huo huo mjadala wa sheria haukukoma. Mwaka 2019 Malaysia ilibadili kipimo chake cha kuingia alfajiri kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 18, na mwaka 2021 jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ilifanya vivyo hivyo. Karibu na Ikweta nyuzi 2 ni dakika 8 hivi: dakika nane za daku, na dakika nane za kujua kama sala imesihi. Wanaozijadili nyuzi hizo wanarudi katika swali la kale, la kuupambanua weupe unaosimama na weupe unaotanda.

Hitimisho

Historia ya istilahi hii inafundisha mambo matatu. La kwanza ni kwamba jina hufuata haja. Waislamu waliupa jina mwanga wa kabla ya alfajiri kwa kuwa saumu na sala ziliwalazimisha. Weupe wa jioni na doa la usiku wa manane, usiokuwa na hukumu, walikuwa na sababu ndogo ya kuuita. Cassini na wenziwe waliuita kwa haja nyingine, ya kuupanga miongoni mwa vitu vya angani. La pili ni kwamba lugha ya dini si lazima iwe kinyume cha lugha ya sayansi; hapa waliotafuta wakati wa sala walieleza umbo, rangi na mwelekeo wa mwanga kwa usahihi, karne nyingi kabla ya sababu yake kujulikana. La tatu, nalo ndilo linalowahusu wanalugha zaidi, ni kwamba hazina ya Kiswahili ni kubwa kuliko kamusi zake. Waadhini wengi leo hufuata saa na kalenda iliyochapishwa, na wazee waliouonyesha weupe huo kwa kidole wanapungua mwaka hata mwaka. Maelezo yao yakikusanywa Lamu, Pate, Mombasa, Unguja na Pemba, mahali pengine ambapo usiku bado ni wa giza, kamusi itapata maneno pamoja na vitu vyake. Yasipokusanywa, istilahi itabaki kitabuni, ikitaja mwanga ambao msomaji wake hajapata kuuona.